Tailizi Mpya, Niru ya Zamani

Kiwalani kuna nyumba zilizojengwa juu ya njia zikaishia chini yake. Mvua ikishachimba mtaa, watu humwaga kifusi na moramu, njia inapanda, sakafu inabaki pale pale. Hatujengi vyumba vya chini ya ardhi. Tunavipata bila kuomba. Sebule ya mama mmoja wa bondeni ilikuwa imeshazama ngazi mbili siku alipopokea mgawo wake wa kikoba.

Alitaka tailizi kabla ya sherehe ya kumuaga bintiye. Fundi wa kwanza alibandika kipande cha nailoni sakafuni, akakiziba pande zote nne kwa seloteipu, akaondoka. Kesho yake nailoni ilikuwa imetoa jasho kwa ndani.

"Mama, maji yanapanda kutoka chini. Tuinue sakafu kwanza."

"Baba, nimekuita uniwekee tailizi, sijakuita unibomolee nyumba."

Fundi wa pili hakuja na nailoni. Aliulizwa siku ngapi, akajibu, "Keshokutwa unakanyaga, mama yangu." Simlaumu peke yake: hakuna aliyemuuliza chini kuna nini. Ila niru ya sakafu ile ilikuwa laini kama sahani, naye hakuichokoa kwa tindo. Kila tailizi aliiwekea madonge matano ya saruji, manne pembeni na moja katikati, akaigonga kwa nyundo ya mpira mpaka pima maji ikamridhisha. Mama alisema mistari hukusanya uchafu, basi tailizi zikabanana bila nafasi, kuanzia ukuta hadi ukuta.

Sherehe ikafana. Masika iliyofuata chumvi nyeupe ikaanza kutokeza kwenye maungio, na kijiko kikianguka sakafu inalia uwazi. Mama alifuta chumvi kwa siki, akaongeza zulia. Mwaka wa pili, jioni moja ya joto, safu mbili za katikati zilipasuka kwa kishindo, zikainuka zikiegemeana.

Mtaa mzima ukasema tailizi feki. Siku hizi zinatengenezwa Mkuranga na Chalinze, kwa hiyo lawama ina pa kupelekwa karibu. Lakini fundi wa kwanza, alipoitwa tena, aligeuza moja tu: madonge yote matano yalikuwa yameng'ang'ania mgongoni, na niru chini yake inang'aa, haina hata mkwaruzo. Saruji ilishika tailizi, haikushika sakafu. Maji yaliyokuwa yakipanda yalikaa kwenye mianya baina ya madonge. Tailizi ni udongo uliochomwa, nao ukinywa unyevu muda mrefu hutanuka, kidogo sana, lakini sebule nzima ikitanuka bila upenyo hata wa milimita chache kando ya kuta, pa kwenda ni juu tu.

Safari hii mama hakubisha. Walijaza moramu, wakashindilia, wakatandika nailoni nzito na kuipandisha ukutani, wakamwaga jamvi jipya, likamwagiliwa siku 7 na kuachwa hadi zikatimia 28. Kisha kile kipande cha nailoni kikabandikwa tena, kikalala kikavu. Gundi ilipakwa kwa mwiko wa meno, sakafu nzima, na spesa zikawekwa. Mama aliziangalia hakusema kitu. Milango ilibidi ikatwe chini, na dari sasa mtu mrefu anaigusa kwa mkono. Hela ilitosha sebule tu. Vyumbani wamebaki na niru.