Anayebeba Mgonjwa Alipwe

Fungua 2 Samweli 9. Tunapenda sana kuhubiri vile Mefiboshethi, aliyelemaa miguu yote miwili, alikula mezani pa mfalme. Lakini hebu soma mstari wa 10. Daudi hakuishia kwa chakula. Aliagiza Siba, pamoja na wanawe 15 na watumishi 20, wamlimie shamba lake. Aliona mahitaji ya kila siku.

Hapa kwetu Kwa Vonza kuna ndugu ambao bila mtu wa kuwageuza kitandani, kuwaosha na kuwachotea maji, siku haianzi. Mara nyingi mtu huyo ni mama mzee, ama msichana aliyeacha shule. Serikali, kupitia Inua Jamii, hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa nyumba yenye mtu aliye na ulemavu mkubwa. Piga hesabu: haifiki shilingi 67 kwa siku, na bado hujanunua unga wala sabuni. Msaidizi atalipwa na nini?

Nasikia mtu akisema, "Pastor, si tunawaombea?" Tuombe, ndiyo. Lakini "Mungu akubariki" hainunui unga. Walawi 19:13 inakataza ujira wa kibarua kulala kwako mpaka asubuhi.

Kwa hivyo naomba hivi: kila ushirika wa nyumbani uchukue nyumba moja, uchange kila mwezi, msaidizi alipwe siku iliyoahidiwa, na yule mama apate siku ya kupumzika. Katika Marko 2 mgonjwa alibebwa na watu wanne. Mbona sisi tumemwachia mmoja?