Kombora Halikosei, Je, Mwenye Kulielekeza?

Mgeni afikaye Ndolezi, wilayani Mbozi, mkoa wa Songwe, huonyeshwa kimondo kilichoanguka kutoka angani, pande la chuma likadiriwalo kuwa na uzito wa tani 16 hivi. Kijana mmoja wa Tunduma, aliyekuwa akiitafuta dini ya kweli, alikigusa, kisha akaniuliza: “Mwalimu, siku hizi wanadamu nao huteremsha chuma kutoka angani, na twaambiwa hakimkosi aliyekusudiwa. Je, vita sasa havijatakasika?”

Yafaa kwanza tulijue jambo lenyewe. Katika miaka ya 1970 Wamarekani walianza kuunda kombora liitwalo Hellfire, yaani Moto wa Jahanamu, ili helikopta zipate kuvunja vifaru. Uzito wake ni kilo 50 hivi. Askari aliye chini, au chombo kilicho angani, humulika shabaha kwa mwali wa leza usioonekana kwa macho. Mwanga hurudi kutoka pale ulipogonga, na kombora, lenye jicho puani mwake, huufuata hadi mwisho. Lilitumika Panama mwaka 1989 na katika vita dhidi ya Iraki mwaka 1991. Mwaka 2001 lilijaribiwa kurushwa kutoka ndege isiyo na rubani. Na tangu hapo silaha ya kuvunja kifaru imekuwa pia silaha ya kumwinda mtu mmoja, garini au nyumbani.

Hatukatai kwamba kulenga kuna heri kuliko kutolenga, kwani bomu lirushwalo ovyo huweza kuangamiza mtaa mzima kwa ajili ya ghala moja. Wala hatuwasahau waliodhulumiwa. Mwaka 2013 Al-Shabaab walivamia jengo la Westgate, Nairobi, wakaua watu 67. Na tarehe 1 Septemba 2014 kiongozi wao, Ahmed Abdi Godane, aliuawa nchini Somalia kwa makombora ya Hellfire na silaha nyingine ziongozwazo kwa leza.

Lakini tutazame na upande wa pili. Tarehe 1 Aprili 2018 Marekani ilifanya shambulio la anga karibu na El Buur, Somalia. Jeshi lilitangaza kwamba magaidi watano wameuawa, na hakuna raia aliyedhurika. Mwaka uliofuata jeshi lilo hilo likakiri kwamba mwanamke na mtoto waliuawa siku ile.

Je, jicho la silaha lingeweza kuwaokoa? La hasha! Silaha hupiga ilipoonyeshwa. Haijui aliyemo ni nani. Kulenga sawasawa ni kazi ya mashine, bali kujua nani anastahili kulengwa ni kazi ya moyo wenye kumcha Mungu. Hivyo basi, kadiri silaha isivyokosea, ndivyo udhuru wa mwenye kuituma unavyopungua. Kimondo cha Ndolezi hakikuelekezwa na mkono wa mtu, wala hapana atakayeulizwa habari zake. Kombora lina mwenyewe, naye ataulizwa.

Wala tusidhani kwamba neno hili lawahusu wakubwa wa mbali tu. Sokoni mtu mmoja hunyosha kidole na kupaza sauti, “Mwizi!” Papo hapo mawe huruka, na kijana hufa kabla hajaulizwa jina lake. Kidole kile ndicho mwali; mawe yale ndiyo kombora. Nayo hayakukosea: yalimpata yule yule aliyeonyeshwa. Baadaye hujulikana kwamba hakuiba kitu, na kila mmoja husema, “Mimi nilifuata wenzangu.” Ndiyo maana Kurani Tukufu, katika sura ya Al-Hujurat, yawataka waumini waihakikishe habari kabla ya kutenda.

Nilimjibu kijana yule hivi: vita havitakasiki kwa wepesi wa silaha kufika, bali kwa haki ya sababu, na kwa hofu ya Mungu ndani ya yule anyoshaye kidole. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, “Basi, Mwalimu, hata mimi nimewahi kunyosha.”

Mwenyezi Mungu atujalie macho ya kuhakikisha kabla ya mikono ya kupiga. Amin.