Huyu Bado Si Wako

 Wanangu, najua mmechoka, na huyu mwenzenu nasikia basi lilimlaza njiani. Kuleni taratibu huku mnanisikiliza, maana kesho ndani ya thieta sipendi maneno mengi.

Mmekuja kujifunza kuziba fistula ya uzazi, tundu linaloachwa ukeni na uchungu uliokwama, na mikono inawawasha. Naijua hali hiyo. Nilipokuwa na umri wenu nilipelekwa wiki mbili kumtazama bingwa mmoja akifanya kazi. Niliona wagonjwa tisa, nikashika mkasi mara mbili, nikarudi kituoni kwangu nikijiona fundi. Mwezi haukuisha akaletwa mama mmoja. Uchungu ulimkalia siku tatu, mtoto akatoka amekufa, na tangu hapo mkojo ukawa haukatiki, usiku na mchana. Tundu lilikuwa chini kabisa, linagusa njia ya mkojo, na pembeni kovu gumu kama kifuu. Mwenye busara angemwandikia rufaa. Mimi nikamwambia, "Mama, tutajaribu."

Nilishona kwa muda wa saa tatu. Asubuhi ya siku ya tano nikamkuta amekaa kitandani, shuka limelowa, kanga ameikunja mapajani. Hakulia. Aliniuliza tu, "Kwa hiyo daktari, ulikuwa unajifunza?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Alipofika kwa yule bingwa, alikutwa na makovu mawili: la uchungu na la kwangu. Ilibidi apasuliwe mara mbili zaidi ndipo tundu likafunga, na hata sasa akikohoa au akijitwisha ndoo, mkojo unamtoka.

Tundu hili lina tabia moja. Nafasi nzuri kuliko zote ya kulifunga ni mara ya kwanza. Kila anayeshindwa anapunguza nyama laini na kuongeza kovu, na atakayekuja nyuma yake anakuta ngozi ya ngoma. Ndiyo maana neno "tujaribu" silitaki humu ndani. Tena lina historia mbaya. Kati ya mwaka 1845 na 1849, huko Montgomery, Alabama, daktari Marion Sims aliutafuta ufundi huu kwenye miili ya wanawake watumwa, bila dawa ya usingizi. Majina ya watatu yamebaki: Anarcha, Betsey na Lucy. Anarcha peke yake alipasuliwa mara 30 hivi. Sims akajengewa sanamu New York, na mwaka 2018 sanamu hiyo ikaondolewa pale Central Park. Sisi tunaoshona leo ni warithi wa kazi ile, tukipenda tusipende, na mgonjwa anayo haki ya kujua mkono unaomshika umefikia wapi.

Mwongozo wa mafunzo uliotolewa mwaka 2011 na shirikisho la kimataifa la madaktari wa wanawake na uzazi, FIGO, pamoja na wenzake, unapanga wapasuaji katika ngazi tatu, kuanzia ya kawaida hadi ya ubingwa. Nimeona vijana wanaozichukulia ngazi hizi kama vyeo vya polisi, wanahesabu lini wataongezewa nyota. Sivyo. Ngazi inakuambia ni mgonjwa gani wako na yupi bado si wako. Tundu dogo, lililo mbali na njia ya mkojo, halijaguswa na kisu, nyama inavutika vizuri: huyo utaanza naye, nami nimesimama pembeni. Likiwa kubwa, au limekula njia ya mkojo, au kuna jingine upande wa haja kubwa, au ameshapasuliwa huko na huko, weka mkono mfukoni.

Utajuaje? Kwa kumpima, na kupima ndiko kunakowashinda wengi kuliko kushona. Kesho kabla ya kisu nitawapa vipande vitatu vya shashi. Vinapangwa ukeni, kimoja juu, kimoja katikati, kimoja chini. Kisha unapitisha maji yenye dawa ya bluu kwenye mpira wa mkojo mpaka kibofu kijae, unamwambia mama atembee kidogo, unatoa shashi moja moja. Ya katikati ikiwa na bluu, kibofu kimetoboka. Ya chini peke yake ikiwa na bluu, tazama njia ya mkojo. Ya juu ikiwa imelowa lakini nyeupe, simama hapo hapo: mkojo huo haukupitia kibofuni kabisa, unatoka kwenye mrija unaoshuka kutoka figo. Mara nyingi mrija huo haukuharibiwa na uchungu. Ulikatwa au kufungwa uzi na mmoja wetu, kwenye upasuaji wa kumtoa mtoto au wa kutoa kizazi.

Hilo nalo linatuhusu. Shirika la Afya Duniani limekuwa likikadiria kwamba wanawake 50,000 hadi 100,000 wanapata fistula ya uzazi kila mwaka duniani. Wengi ni wa uchungu uliokwama: kichwa cha mtoto kinabana kibofu kwenye mfupa wa nyonga mpaka nyama inakosa damu na kufa, siku chache baadaye inabanduka. Lakini kadiri upasuaji unavyosogea vijijini, na hilo ni jambo la heri, ndivyo tunavyopokea zaidi matundu ya mkasi. Kwa hiyo mkirudi wilayani, mwalimu wa upasuaji wa uzazi ni wewe. Mwonyeshe kijana aliye chini yako namna ya kushusha kibofu kabla hajakata. Na mama aliyekaa na uchungu mrefu akianza kuvuja siku hizo hizo, mwekee mpira mara moja, anywe maji, mpira ukae wiki kadhaa. Matundu madogo mengine hufunga yenyewe, na hutanipigia simu.

Na mkitaka kujua kujifunza kwa subira kukoje, mtazameni mwanamke mmoja, Mamitu Gashe. Alifika Addis Ababa akiwa binti mgonjwa, hajui kusoma, akatibiwa na Reginald na Catherine Hamlin, wale madaktari walioingia Ethiopia mwaka 1959 na kufungua hospitali yao ya fistula mwaka 1974. Akabaki kutandika vitanda. Kisha akaanza kushika vifaa, kisha kusaidia, na miaka ilivyokwenda akawa mpasuaji anayefundisha madaktari wenye shahada waliotoka mbali. Watu husimulia habari hii kama muujiza. Mimi naona miaka. Aliona wagonjwa wengi kabla hajashika sindano, na alijua kitanda chenye shuka lililolowa kinanukaje, kwa kuwa alikilalia.

Kitanda hicho ndicho kitakachowahukumu. Mkitoka thieta mtapongezana, lakini mshono wako analala nao muuguzi wa usiku. Mpira ukiziba saa tisa usiku, kibofu kinajaa, uzi unakatika, na kazi ya saa mbili imekwisha kabla jogoo hajawika. Zamani tuliacha mpira siku 14. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilisema kwa tundu rahisi siku 7 hadi 10 zinatosha. Ziwe siku ngapi, mkojo kwenye mfuko uwe mweupe kama maji ya mvua, jagi lisikauke pembeni ya kitanda, na wewe mwenyewe upite usiku uuguse mpira kwa mkono wako. Sista akikuambia umeziba, usibishe. Nenda.

Na siku ya kuuondoa mpira msikimbilie kuandika "amepona". Wapo ambao tundu limefunga lakini mkojo unatoka kwa kuwa njia yake imelegea. Kwako wewe upasuaji umefaulu. Kwake yeye kanga bado inalowa, na jirani bado anasogea pembeni kwenye daladala. Mwandike hivyo hivyo alivyo, na mwambie ujauzito mwingine ukija, akajifungulie hospitali kwa upasuaji, asisubiri uchungu umfanyie yale yale tena.

Basi. Kesho saa moja na nusu asubuhi tuna wagonjwa wanne. Wa kwanza ana tundu la ukubwa wa ncha ya kidole, halijaguswa na mtu. Nimeshamweleza kwamba mwanafunzi ndiye atakayeshona na mimi nitasimama naye, amekubali. Wa pili na wa tatu mtanishikia vifaa. Wa nne ameshapasuliwa mara tatu sehemu tofauti. Huyo hatutampasua kesho. Mtakaa naye barazani, mmuulize kila hospitali alikopita, mwandike rufaa yake kwa mwandiko unaosomeka, na nauli yake nimeshaitafuta.