JE, NI VIBAYA KUFURAHIA VITU VIDOGO VYA KWETU?



Waaminifu wengine wanauliza hivi: Mkristo anayefurahia bugali na ndakala, anayejivunia kijiji chake na kusema hakuna pahali kama kwetu, je, hajashikamana na mambo ya dunia? Wengine wanauliza kwa njia nyingine: katika nchi iliyoona machozi mengi namna hii, je, si haya kusema tuna furaha? Maulizo haya yanafaa kujibiwa polepole.

Kwanza, tuangalie vitu vyenyewe. Usiku wa giza, mwezi usipoonekana, wavuvi wa Baraka wanaingia Tanganyika pamoja na taa zao, kwa sababu ndakala wanafuata mwanga. Asubuhi jua linachomoza nyuma ya milima ya Ubwari, na mama wanangojea pwani wakiwa na mabeseni. Huko juu Fizi kuna baridi, mihogo na maharagi. Siku ya soko watu wa mlima na watu wa ziwa wanakutana, na habari zinauzwa bure. Ziwa lenyewe lina kina kinachopita metre 1,400. Katika dunia nzima ni ziwa Baikal la Urusi tu linalolipita. Nani kati yetu alilichimba? Basi mwenye kulisifu anasifu kazi ya mkono wa Mungu.

Tukumbuke pia Bwana wetu. Alipofufuka katika wafu aliwangojea wanafunzi kando ya ziwa, akiwa amewasha makaa na kuweka samaki na mkate. Walikuwa wamechoka kwa kazi ya usiku kucha. Kabla ya kumwuliza Petro ulizo lolote, aliwaita wote wale. Kama Yeye hakudharau samaki wa kuchoma, sisi ni nani?

Sasa tuje kwa ulizo lililo gumu. Mwaka 1996 vita ilipofika, maelfu ya watu wetu walivuka ziwa kwenda Tanzania, na wengi wakaingia kambi ya Nyarugusu. Kuanzia mwaka 2005 meli zilitoka Kigoma kuwarudisha wengine mpaka Baraka. Wengine wako kambini hata leo, na wengine wamefika Marekani. Ulizeni waliorudi walikuwa wakililia nini kule. Hawatataja mali nyingi. Watataja sombe iliyotwangwa nyumbani, shamba la mama, lubunga ambapo wazee wanakaa jioni na kukata maneno, na kulala usiku bila kusikiliza mlango. Kambini walipewa chakula kwa kipimo. Lakini hakuna anayeweza kumpimia mtu jioni ya kwao.

Hapo ndipo tunaona jibu. Vita inapoingia pahali, inaanza kunyang'anya vitu vidogo: njia ya kwenda shamba, siku ya soko, mazungumzo mbele ya nyumba. Anayevidharau hajui bado tulinyang'anywa nini. Na anayevifurahia hawasahau wafu wetu. Anakumbuka waliyonyimwa, na anajua kwa nini amani inapashwa kulindwa. Wageni wengi wanaandika jina la Fizi pale tu bunduki zinapolia. Sisi tunaoishi hapa tunalijua jina hilo kwa harufu ya samaki na sauti ya kinu. Tusikubali vita ipewe haki ya kutuambia sisi ni nani.

Lakini inatupasa kujihadhari, ndugu. Kuna kujivunia kunakotoka kwa Mungu, na kuna kujivunia kunakozaa damu. Neno “hapa ni kwetu” linaweza kusemwa na mtu anayemkaribisha mgeni mezani. Neno lile lile linaweza kusemwa na mtu anayemfukuza jirani kwa sababu ya lugha yake au ng'ombe wake. Katika milima yetu tumeona matunda ya neno hili la pili, na kila kabila limezika watoto. Basi kila mtu ajipime: ninapofurahia kwetu, je, natafuta kiti kingine, au natafuta fimbo?

Kipimo cha pili ni kazi. Asemaye analipenda ziwa, kisha anavua vifaranga vya samaki kwa chandarua cha mbu, anasifu kwa mdomo na kuharibu kwa mkono. Asemaye Baraka ni mji mzuri, kisha anatupa uchafu katika mfereji wa jirani, bado hajaupenda. Mwaka 2024 maji ya Tanganyika yalipanda na kuingia nyumba za watu wa pwani. Siku zile aliyempokea mwenzake alionyesha kupenda kwetu kuliko aliyeimba sifa zake.

Na ninyi vijana mnaoona haya kutaja mlikozaliwa, kumbukeni Natanaeli, aliyeuliza kama kitu chema kinaweza kutoka Nazareti. Aliuliza hivyo, na Mwokozi alikuwa tayari njiani. Nendeni Bukavu, nendeni hata mbali zaidi kama kazi inawaita. Lakini msiende kwa kukimbia jina lenu.

Kwa hiyo tunasema: si vibaya kufurahia. Kuleni ndakala zenu kwa shukrani, muite na yule ambaye hamjazoea kumwita. Bwana alinde milima yetu na ziwa letu. Amina.