Askari akidhuru raia wa nchi nyingine, dia ni ya nani?



Ninaposomesha dia katika darasa langu hapa Karatu, somo halina ugumu. Wanafunzi wanajua kwamba kwa Wamasai wa Ngorongoro mtu akiua, ukoo wake hutoa ng'ombe kwa ukoo wa marehemu. Ugumu unakuja wanapouliza: muuaji akiwa askari wa nchi nyingine, nani atoe?

Ndugu msomaji, swali hili limeshawafika Wamasai wenzao wa Dol Dol, Laikipia, nchini Kenya, ambako jeshi la Uingereza limefanya mazoezi kwa miongo mingi. Mabomu yaliyoachwa bila kulipuka yaliua na kulemaza wachungaji, wakiwemo watoto. Mwaka 2002, baada ya kudaiwa, Wizara ya Ulinzi ya Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 4.5 kwa Wamasai na Wasamburu zaidi ya 200. Mwaka 2022, Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya vita vya 1998 hadi 2003.

Kote huko aliyedhulumiwa ndiye aliyehangaika kumfuata mdhulumu. Mtume (SAW) alifanya kinyume. Mwaka wa 8 Hijria, kikosi cha Khalid bin Walid (RA) kiliwaua watu wa Bani Jadhima, Khalid hakuwaelewa walipotamka kusilimu kwao. Mtume (SAW) alijitenga na kitendo kile mbele ya Mola wake, kisha akamtuma Sayyidna Ali (RA) na mali. Vitabu vya Sira vinaeleza kuwa Ali alilipa kila roho na kila mali, hadi chombo cha kunywea mbwa. Fedha iliyobaki akawaachia, iwe fidia ya wasichokikumbuka.

Tena Suratun-Nisaa, aya ya 92, inataka dia ya aliyeuawa kwa makosa wakabidhiwe watu wake, hata akiwa wa kaumu nyingine tuliyo na mapatano nayo. Wakabidhiwe wao, si hazina ya serikali. Mjane wa Kisangani asiposhika kitu mkononi, deni bado lipo.

Nasi tusijitoe. Askari wetu walipelekwa mashariki ya Kongo mwaka 2013 katika kikosi cha Umoja wa Mataifa. Popote watakapotumwa, wakimdhuru raia asiye na hatia, serikali yetu imtafute na kumlipa kabla hajaenda mahakamani. Sisi tuliowatuma ndio ukoo wao.

Wallahu a'lam.