Fungua Skrubu ya Hewa



Leo nina kisa cha boti. Kilinitokea kwenye mwaka wangu wa kichungaji, baada ya kumaliza falsafa, nilipopangiwa parokia moja ya visiwani Ziwa Victoria. Kule kuna vigango ambavyo pikipiki haifiki. Ni boti tu.

Alasiri moja ikaja simu kutoka kisiwa cha jirani: kuna bibi anaumwa sana, anaomba Mpako wa Wagonjwa. Paroko akachukua mafuta matakatifu na Ekaristi, mimi nikabeba tangi la petroli hadi ufukweni, nahodha akaunganisha mpira wa mafuta na kuwasha injini. Tukaondoka.

Dakika kumi za kwanza, safi kabisa. Halafu injini ikaanza kupoteza nguvu, ikakohoa, ikazima. Nahodha akaminya kile kipira kilicho katikati ya mpira wa mafuta, akavuta kamba, ikawaka. Dakika chache, ikazima. Akaminya, ikawaka, ikazima tena. Upepo ulikuwa umeanza kuamka na jua linashuka. Paroko alitoa rozari mfukoni bila kusema neno. Mimi nikatoa ushauri pekee niliokuwa nao: "Baba, labda uvute kamba kwa nguvu zaidi." Nahodha hakunijibu, na alifanya vizuri.

Alianza kukagua kimoja kimoja. Petroli ipo, zaidi ya nusu tangi. Mpira haujakunjika wala kukanyagwa. Kwenye chujio hakuna maji. Ndipo akashika tena kile kipira: kilikuwa bapa, kama chungwa lililonyonywa. Akaligusa tangi, lile la plastiki. Mbavu zake zilikuwa zimebonyea kwa ndani.

Akaniangalia. "Frateri, hili tangi ulilibeba wewe?"

"Ndiyo, Baba."

"Na hii skrubu ya hewa ulifunga wewe?"

Ndiyo, niliifunga mimi. Juu ya kifuniko cha tangi la namna ile kuna skrubu ndogo ya kupitishia hewa. Ukilibeba tangi unaifunga, petroli isimwagike. Sikutaka suruali yangu inuke petroli mbele ya mgonjwa. Kufunga haikuwa kosa. Kosa ni kwamba tulipoanza safari sikufungua, wala sikumwambia nahodha.

Akailegeza kwa vidole viwili. Fssss! Tulisikia hewa ikiingia. Mbavu za tangi zikarudi mahali pake. Akaminya kipira mpaka kikawa kigumu, akavuta kamba mara moja tu, na injini haikuzima tena hadi tulipofika.

Tulifika giza limeshaingia. Bibi alikuwa macho. Paroko akampaka mafuta, akampa Ekaristi. Mimi nilisimama mlangoni nimeshika tochi, nikiwaza kwamba mama huyu angeweza kukosa sakramenti kwa sababu ya skrubu niliyoifunga kwa mkono wangu. Alipomaliza kusali, akauliza kama tumekula.

Sasa, kwa nini injini ilizima wakati petroli ipo?

Mtaniwia radhi, falsafa haijanitoka. Zamani wafuasi wa Aristotle walifundisha kwamba maumbile hayakubali utupu, na kwa hiyo pampu huvuta maji juu ili pasibaki pengo. Mwaka 1644 Torricelli wa Italia akaandika barua akieleza jambo tofauti: sisi tunaishi chini ya bahari ya hewa, na hewa hiyo ina uzito. Pampu hupunguza tu mgandamizo upande mmoja. Kinachosukuma maji yapande ni hewa inayoyakandamiza kutoka nje.

Ndivyo ilivyo kwenye boti. Tunasema injini inavuta petroli. Kumbe hewa iliyo ndani ya tangi ndiyo inayoisukuma petroli kuelekea kwenye injini. Petroli ikitoka bila hewa nyingine kuingia nafasi yake, mgandamizo ndani unashuka hadi petroli haisogei tena. Tangi limejaa, injini nzima, nahodha mzoefu, na bado mmekwama katikati ya maji.

Vijana, huyo nilikuwa mimi.

Mwaka ule nilifundisha watoto wa Komunyo ya Kwanza, nikasimamia VIWAWA, nikakaa na kwaya, nikajibu meseji za vijana mpaka usiku wa manane. Masifu nilisali mbiombio, siku nyingine sikusali kabisa. Mlezi wangu wa kiroho akipiga simu kuuliza naendeleaje, jibu lilikuwa lilelile: "Nipo vizuri, Padre." Kiukweli sikuwa vizuri. Nilikuwa nimeanza kujiuliza kama wito huu ni wangu. Kila nilipozima nilijiminya: ratiba mpya, mfungo mpya, azimio jipya. Nawaka siku mbili, nazima. Nilidhani nimeishiwa imani. Imani ilikuwepo. Nilikuwa natoa tu, na nimefunga mahali pa kupokelea.

Na sikufunga kwa ubaya. Wengi wetu tulifundishwa kufunga. Mwanaume halii. Binti mwema halalamiki. Frateri asionekane dhaifu. Kuna wakati kufunga ni busara, maana si kila kidonda ni cha kuweka status. Ila kuna tunaofunga nchi kavu, halafu tunasafiri hivyohivyo.

Soma Yohane 20:19-23. Jioni ya Pasaka mitume wamejifungia ndani kwa hofu. Yesu anaingia, anawatakia amani, anawatuma, kisha anawavuvia Roho Mtakatifu. Katika Kiebrania na Kigiriki, neno lilelile linalotumika kwa Roho ndilo la pumzi na upepo. Angalia pia anachowakabidhi palepale: mamlaka ya kuondolea dhambi. Pumzi ile inatufikia hadi leo, na kitubio ni mlango wake mmojawapo.

Hewa haikutengenezwa na nahodha. Ilikuwepo muda wote, imelizunguka tangi pande zote. Neema nayo iko hivyo. Haisubiri uwe na nguvu kwanza, ila nayo haivunji kifuniko chako.

Tahadhari moja nyingine. Tangi hilohilo ukilifunga na kuliacha juani, halibonyei, linavimba. Mvuke wa petroli unajaa ndani, na atakayefungua kifuniko ghafla anaweza kurushiwa petroli usoni. Kuna kijana aliyefunga akazima kimyakimya, na kuna aliyefunga akawa anawalipukia mama na wadogo zake kwa kosa la chumvi tu. Tunawaona kama watu wawili tofauti. Skrubu ni moja.

Usiku ule tulilala kisiwani. Nikatoka nje, nikampigia mlezi wangu. "Padre, sipo vizuri." Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Haya, nieleze." Nilieleza mpaka chaji ikakaribia kuisha. Maswali ya wito hayakwisha usiku huo, na mengine ninayo hadi leo. Lakini nilisali Masifu ya Jioni taratibu, neno kwa neno, kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Asubuhi, kabla hatujapanda boti, nikamwomba Paroko kitubio.

Kwa hiyo wiki hii, kabla hujajiminya tena kwa azimio jipya, kagua skrubu yako. Lini mara ya mwisho ulikaa na Mungu bila kumfanyia kazi yoyote? Kitubio je? Yupo mtu mmoja anayejua hali yako halisi? Kama mzigo umefika mahali huoni sababu ya kuendelea kuishi, usingoje Jumapili. Mwambie mtu leo, mzazi, padre, sista, daktari. Skrubu hufunguliwa kwa vidole viwili tu.

Tusali: Bwana Yesu, uliyeingia milango ikiwa imefungwa, tuvuvie pumzi yako. Tufundishe kupokea kabla ya kutoa, wasije wanaotungoja ng'ambo wakakosa kwa sababu yetu. Amina.

Tuombeane.
Frateri wenu