Saa Moja ya Kompyuta ya Maktaba: Je, Kanuni Ndogo Inaifunga Dhamiri?



Leo naomba tutafakari karatasi moja ambayo wengi wetu tumeipita bila kuisoma. Ni ile inayobandikwa ukutani kwenye maktaba ya jamii, juu ya kompyuta za intaneti za bure. Kila maktaba ina ya kwake, lakini zinafanana. Andika jina kwenye daftari. Kama kuna foleni, mwisho saa moja. Usipakue filamu. Usifungue picha chafu. Usicheze kamari. Sauti iwe kwenye hedifoni. Ukimaliza, toka kwenye akaunti zako. Aliye chini ya miaka 18 aje na ruhusa ya mzazi au mlezi.

Baada ya kipindi kimoja cha vijana, kijana mmoja alinifuata akaniuliza: "Frateri, hivi nikizidisha nusu saa pale maktaba na mkutubi hajaona, hiyo nayo ni dhambi? Mbona kwenye Amri Kumi haimo?" Wenzake walicheka. Mimi swali lake nililichukua kwa uzito, maana ndani yake kuna maswali mawili makubwa. La kwanza: kanuni iliyotungwa na binadamu inaweza kuifunga dhamiri yangu? La pili: kuna maana gani kuifuata kama hakuna anayeniona?

Dakika 60 hazikushuka mlimani Sinai

Tuanze na la kwanza. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika Summa Theologiae, anaieleza sheria kwa mambo manne. Ni agizo la akili. Lengo lake ni manufaa ya wote. Inatolewa na mwenye dhamana ya kuitunza jumuiya. Na ni lazima itangazwe, kwa sababu huwezi kumdai mtu afuate jambo ambalo hakuambiwa.

Hebu chukua ile karatasi uipime. Ina akili? Ndiyo: kompyuta ni chache na watu ni wengi, lazima kuwe na utaratibu. Inalenga manufaa ya wote? Ndiyo, inataka kila mmoja apate nafasi. Imetolewa na mwenye dhamana? Ndiyo, uongozi wa maktaba. Imetangazwa? Imebandikwa pale mbele ya macho yako. Basi, kwa kipimo cha Tomaso, ile ni kanuni ya haki, na yeye anafundisha kwamba sheria ya haki inaifunga dhamiri hata kama imetungwa na binadamu.

Utaniambia: "Lakini kwa nini dakika 60 na si 90?" Tomaso analo jibu. Kuna mambo ambayo akili inayatoa moja kwa moja kwenye sheria ya asili, na kuna mengine ambayo sheria ya asili inayaacha wanadamu wenyewe wayapangie kiasi. Mfano mzuri ni barabara. Tanzania tunaendesha kushoto. Ukivuka mpaka pale Rusumo kuingia Rwanda, unahamia kulia. Mungu hakuagiza kushoto wala kulia. Alichoagiza ni kwamba usimuue jirani yako. Ila upande ukishapangwa, anayeendesha upande usio wake anahatarisha maisha ya watu, na hawezi kujitetea kwamba "kushoto" haimo kwenye Biblia. Ndivyo ilivyo kwa dakika 60. Namba ni ya binadamu, lakini wajibu wa kugawana kwa haki kitu cha wote haukutungwa na mkutubi.

Nyuma yako kuna mtu

Sasa tumtazame huyo aliye kwenye foleni. Siku hizi mambo mengi ya maisha ya kijana Mtanzania yanapita mtandaoni. Maombi ya mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu yanajazwa mtandaoni. Kazi za serikali unaomba kwenye Ajira Portal. Matokeo ya Baraza la Mitihani unayatazama mtandaoni. Mwenye simu janja na bando la kutosha atajikongoja nalo. Asiye nalo, ile saa moja ya maktaba ndiyo mlango wake wa chuo na wa ajira. Sisi tunaweza kuiona ni saa ya kuchati. Yeye anaona ni mwaka wake mzima.

Mtakatifu Paulo alikutana na jambo la namna hii kule Korintho. Katika sura ya 11 ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, anawakemea Wakristo waliokusanyika kwa ajili ya Meza ya Bwana, lakini kila mmoja akawahi chakula chake. Wengine walishiba na kulewa, wengine wakabaki na njaa. Dawa aliyowapa Paulo ni nyepesi ajabu: mkikusanyika kula, ngojaneni. Mtume aliyetuachia mafundisho mazito namna ile juu ya Ekaristi anamalizia sura kwa kuzungumzia foleni! Naamini hakuona kwamba ameshuka chini. Aliona kwamba anayempita jirani yake mwenye njaa hajaelewa ni Mwili wa nani anaoupokea.

Kwa hiyo kijana wangu nilimjibu kwamba kwenye Amri Kumi imo. Amri ya Saba inakataza wizi, na haki, kama tulivyofundishwa, ni kumpa kila mtu kilicho chake. Dakika ya 61, kama kuna mtu anangoja, si yako tena. Unatumia cha mwenzako bila ridhaa yake. Sisemi kwamba dakika tano ni dhambi ya mauti, tusizidishe chumvi. Nasema tu kwamba jambo dogo lenye jirani ndani yake linabaki kuwa jambo la maadili.

Na kama hakuna anayeona?

Twende kwenye swali la pili. Plato, katika kitabu cha pili cha Jamhuri, anamleta Glaukoni akisimulia habari za mchungaji Gige aliyepata pete ya kumfanya asionekane. Alipogundua nguvu yake, aliingia ikulu, akamtongoza malkia, akamuua mfalme na kutwaa utawala. Glaukoni anatutega: je, kuna mtu ambaye angevaa pete hiyo na bado akabaki mwema? Au sisi sote tunatenda haki kwa sababu tu tunaogopa kuonekana?

Kompyuta iliyogeuziwa mgongo ukutani ni pete ya Gige ya shilingi mia. Skrini unaiona peke yako, historia ya kurasa unaweza kuifuta, jina unaweza kuandika la uongo. Ndiyo maana wenye mamlaka hutafuta namna ya kukuvua pete. Kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizotolewa Tanzania mwaka 2018 ziliwataka wenye intaneti kafe kufunga kamera na kuweka vichujio vya kuzuia maudhui yaliyokatazwa. Marekani nako, sheria ya mwaka 2000 ilizitaka maktaba zinazopokea fedha fulani za serikali kuu ziweke vichujio ili kuwalinda watoto. Maktaba zilipinga mahakamani, na mwaka 2003 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ikasema sheria ibaki, ikizingatia kwamba mtu mzima anaweza kuomba kichujio kizimwe.

Sivipingi vichujio. Mtoto wa miaka tisa anayepita nyuma ya kiti chako ana haki asikutane na picha chafu, na Paulo huyohuyo alikuwa tayari kuacha kula nyama maisha yake yote kuliko kumkwaza ndugu aliye dhaifu. Ila tusikidai kichujio kisichoweza. Hakina akili: kinaweza kuufungia ukurasa wa kansa ya matiti kwa sababu ya neno moja. Na hata kikifanya kazi barabara, kinaufunga ukurasa tu. Hakiwezi kukufundisha kumtazama msichana kama dada. Tomaso mwenyewe anakiri kwamba sheria ya binadamu haikatazi maovu yote. Inakataza yale mazito, hasa yanayowadhuru wengine. Sehemu iliyobaki ni kazi ya fadhila na neema.

Hapa naomba niseme jambo ambalo tunalikosea katika mahubiri yetu kwa vijana. Tunasema: "Hata mkutubi asipokuona, Mungu anakuona." Ni kweli. Lakini tukiishia hapo, tumemgeuza Mungu kuwa kamera ya juu zaidi ya ile ya ukutani. Mungu si CCTV. Ile Zaburi ya 139, inayosema hakuna pa kujificha mbele zake, imejaa mshangao na shukrani kwa Mungu aliyeniunda tumboni mwa mama yangu. Ananitazama kama mzazi anavyomtazama mtoto wake. Anayeacha uovu kwa kuogopa kamera ataurudia umeme ukikatika. Anayejua kwamba anapendwa ana sababu ya kubaki mwema hata gizani, na huyo ndiye jibu kwa Glaukoni.

Mwenye bando na asiye na bando

Kuna pingamizi moja linanisumbua, na sitaki kulifunika. Kijana wa tajiri anakaa chumbani kwake na intaneti isiyo na kikomo. Haandiki jina popote, hana saa, hana kichujio. Kijana wa maskini anaingia maktaba, anasajiliwa, anapimiwa muda, anachungwa. Je, si kwamba tumewatungia maskini maadili na matajiri tumewaachia uhuru?

Najibu hivi. Kanuni zinazotokana na uchache wa vitu hazimdharau maskini. Zinamlinda maskini mwenzake anayengoja. Lakini kanuni zinazotokana na dharau zipo, na zenyewe zinaanguka kwenye kipimo cha Tomaso. Msimamizi anayesimama nyuma ya mtu na kusoma kwa sauti anachotafuta, au anayemhoji dada wa watu kwa nini anasoma habari za ujauzito, halindi manufaa ya wote. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inataja heshima kwa nafsi ya mtu kuwa sehemu ya kwanza ya manufaa ya wote. Huenda yule kijana anatafuta habari za Virusi vya Ukimwi, au namna ya kutoka kwenye ukatili wa nyumbani, na hana mahali pengine pa kuuliza. Anayetunza kompyuta za watu anatunza pia siri zao. Nasi watumiaji ni hivyohivyo: ukikuta mwenzako amesahau kufunga barua pepe yake, ifunge bila kuisoma.

Na yule mwenye bando chumbani? Yeye ndiye anayehitaji kanuni zaidi, kwa sababu hana foleni ya kumkumbusha kwamba duniani kuna watu wengine. Inabidi ajitungie mwenyewe. Mtakatifu Carlo Acutis, aliyefariki mwaka 2006 akiwa na miaka 15 na kutangazwa mtakatifu na Papa Leo XIV tarehe 7 Septemba 2025, aliipenda kompyuta kuliko wengi wetu. Alitengeneza tovuti ya miujiza ya Ekaristi. Lakini inasimuliwa kwamba michezo ya kompyuta alijipangia saa moja tu kwa wiki. Hakuna mkutubi aliyemshikia saa. Kanuni ilitoka ndani yake.

Upendo unapovuka kanuni

Mwisho, tuchukue kisa cha dada anayejaza fomu ya mkopo. Mtandao unasuasua, amebakiza kurasa mbili, dirisha la maombi linafungwa usiku huu, na saa yake imekwisha. Afukuzwe? Tomaso anafundisha fadhila iitwayo epikeia: kuyaacha maneno ya kanuni pale ambapo kuyafuata kungeua lengo la kanuni yenyewe. Kanuni iliwekwa ili watu wahudumiwe. Kumfukuza hapo ni kuigeuza dhidi ya lengo lake.

Lakini angalia ni nani analipa. Dakika zake za ziada zinatoka kwa anayefuata. Ndiyo maana mkutubi mwenye busara atawageukia wanaongoja na kuwaambia, "Jamani, mwenzetu amebakiza kidogo, tumsaidieje?" Haki yangu naweza kuitoa zawadi. Haki yako siwezi kuigawa kwa niaba yako, wala kuichukua kimyakimya halafu nikaiita epikeia. Tofauti ya huyu dada na kijana aliyeniuliza haiko kwenye idadi ya dakika. Dada alipewa, kijana alitaka kujipa mwenyewe.

Wiki hii, popote unapotumia intaneti, iwe maktaba, kazini au kitandani kwako, jiulize kabla hujawasha: nani anangoja nyuma yangu? Huenda ni mtu kwenye foleni. Huenda ni mama anayekuita umsaidie jikoni, au mdogo wako anayetaka umfundishe hesabu, au Yesu katika Tabernakulo ambaye hujamtembelea tangu Jumapili. Ukishamjua, mpe dakika zake.

Tuombe: Ee Bwana Yesu, uliyengoja miaka thelathini Nazareti kabla ya saa yako, utufundishe kungojana. Utupe moyo ulio mwema hata pasipo na jicho la mtu. Amina.

Mtakatifu Carlo Acutis, utuombee.